Waya Nyuma ya Kabati

Huyu mzee nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kunong'onezana ni nani. Tumwite Mzee Chengula. Mwanawe tumwite Lusungu, na huyo msihangaike kumtafuta mbali.

Ujanani Mzee Chengula alikuwa kiungo wa timu ya kiwanda cha chai. Hakuwa mfungaji. Wafungaji walibebwa mabegani, yeye akabaki nyuma akifungua kamba za viatu, lakini waliojua mpira walikuwa wakimtazama yeye. Kisha uzee ukaja, na kiharusi kikaja nao. Kikachukua mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, na nusu ya ulimi. Maneno yakawa yanamtoka mojamoja, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Ukimuuliza jambo, ilikubidi ungoje. Na siku hizi nani ana muda wa kungoja?

Mwanzoni Lusungu alikuwa nao. Alikuwa na mashine ya gemu ya mpira, ile inayounganishwa na televisheni. Jioni moja akaketi ubavuni kwa baba yake, akashika upande wa kushoto wa padi, kile kidude cha kuchezea, na upande wa kulia akamwekea mzee chini ya kidole gumba kilichokuwa bado kizima.

"Mimi nakimbia, Baba, wewe unapiga pasi. Kitufe hiki chenye pembetatu kinapenyeza mpira nyuma ya mabeki."

Mzee akakodoa macho. "Subiri," akasema.

Lusungu akakokota mpira.

"Su... biri."

Beki akasogea mbele kidogo tu, nyuma yake pakabaki uwazi. Kidole kikashuka. Mpira ukapita katikati ya watu wawili, mshambuliaji akaukuta mbele yake, bao.

Mke wa mzee alikuwa jikoni anachambua mboga. Akasikia kicheko ambacho alikuwa hajakisikia tangu mumewe atoke hospitali, akaja mlangoni na kisu mkononi kuhakikisha ni yeye.

Ile pasi haikuwa bahati, ndugu zangu. Mzee alijua kitu ambacho vijana wenye vidole vyepesi hawakijui: pasi ya kupenyeza ni ya kuvumilia. Lazima kwanza beki atamani kuja kwako. Ukipiga kabla hajatoka, anaukata mpira. Ukichelewa, mwenzako ameshaotea. Mle katikati pana nafasi ndogo, na yule mzee aliyeshindwa kufunga kifungo cha shati lake aliiona nafasi hiyo kila mara. Kijana akageuka, baba akapiga. Mkono wa huyu na mkono wa yule, mtu mmoja.

Sasa sikilizeni ilivyoharibika.

Vijana wa mtaani wakaanza kuja kucheza pale sebuleni. Mashine peke yake inashambulia kwa kiasi, vijana hawana kiasi. Wanakuja kasi, wanakaba watu wawili wawili, na kidole cha mzee, kwa siku zile za baridi, kilikuwa kizito. Baba na mwana wakafungwa mbele ya watu. Kijana mmoja akacheka akasema, "Lusungu, leo unacheza au unauguza?"

Mzee alilisikia neno lile. Lusungu pia alilisikia, nalo likamkaa.

Baada ya muda akaja na padi mpya, bado iko kwenye boksi. "Baba, hii ni yako. Sasa kila mtu na yake. Nimeziseti zifanye kazi pamoja, mimi nakimbia, wewe unapiga pasi kama kawaida."

Mlimuona yule mzee? Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. "Yangu," alikuwa akisema, akiinua mkono ule mmoja. "Yangu."

Na kweli wakaanza kushinda. Mabao yakawa yanaingia kila wanapocheza, Lusungu akimpiga mzee begani, "Pasi gani hiyo, Baba!" Vijana wakacheka, mzee naye akacheka.

Mpaka alasiri moja. Mpira uko miguuni, mshambuliaji anachungulia, beki anatoka. Mzee akainua kidole ili ashushe, mara kikakamaa hewani. Msuli umekataa. Akakitazama kidole chake kikiwa juu, hakijagusa kitu. Akatazama televisheni. Mpira ulikuwa umeshapita katikati ya mabeki.

"Pasi gani hiyo, Baba!"

Mzee alingoja Lusungu awasindikize wenzake hadi barabarani, akachukua mkongojo, akaufuata ule waya wa padi yake kwa macho, kisha kwa mguu wake mmoja wa kuaminika. Ulipita chini ya meza, ukazunguka kabati, ukaingia nyuma. Akainama jinsi alivyoweza. Ncha ya waya ilikuwa pale kwenye vumbi, imekunjwa vizuri, imefungwa kwa mpira wa kufungia noti, isikunjuke. Haikuwa imechomoka kwa bahati mbaya. Haikuwahi kuchomekwa.

Kilichomuuma zaidi ni ule unadhifu.

Mwaniuliza, je, alimkemea mwanawe? Hapana. Kesho yake alikaa mahali pale pale, akashika padi, akabonyeza. Alimwonea aibu mwanawe kuliko mwanawe alivyomwonea aibu yeye. Akawa anabonyeza na kushangilia. Mkewe tu ndiye aliyeona kwamba kile kicheko sasa kinaishia mdomoni.

Kisha likaja suala la shamba la miparachichi, alilolipanda mzee kwa mikono yake alipokuwa nayo miwili. Baba mdogo akaja, shangazi wakaja, wakakaa sebuleni. Lusungu akasimama kwa adabu zote.

"Baba, hatuwezi kuamua bila wewe. Wewe ndiye mwenye nyumba. Tunaona shamba liuzwe. Unasemaje?"

Mzee akafungua kinywa. Neno la kwanza likaanza safari yake. Lilikuwa bado halijafika kwenye meno, naye baba mdogo ameshasema mnunuzi yuko tayari, shangazi ameshauliza soda ziko wapi. Mzee akafunga kinywa. Akawazungushia macho wote, yakatua kwa mwanawe.

"Ende... leeni," akasema. "Mimi nita... kuwa nabonyeza."

Ndugu wakacheka kwa upole, wakadhani maradhi yamemchanganya. Lusungu hakucheka. Uso ulimpauka, akaangalia kabati, akaangalia sakafu. Alikuwa na nafasi, wapendwa. Alikuwa na nafasi ndogo pale ya kusema, "Ngojeni, Baba hajajibu."

"Basi," akasema, "Baba ameridhia."

Shamba likauzwa. Mzee hakuiomba tena padi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mnatikisa vichwa. Mnamchukia Lusungu. Lakini Lusungu alimnyima nini baba yake? Chakula alimpa. Dawa alimpa. Heshima alimpa mbele za watu, hata makofi. Alimnyima kitu kimoja tu: kwamba mkono wake ubadilishe chochote. Wangapi hapa tuna mama kijijini tunayempigia simu "kumuuliza" jambo tulilokwisha kulilipia? Wangapi tunamwita mke kwenye mazungumzo ambayo yalimalizika jana tukiwa na marafiki? Tunawaketisha kiti cha mbele, tunawashikisha kitu mkononi, halafu tunajisifu kwamba tunawatunza.

Ila sikuja leo kwa ajili ya mama zetu peke yao. Nimekuja kwa ajili ya yule tunayemwambia kila Jumapili, "Bwana, tuongoze." Harusi imeshapangwa, tunasema tuongoze. Jirani tumeshamshitaki, tunasema tuongoze. Kijana tumeshamfukuza nyumbani, tunapiga magoti, mapenzi yako yatimizwe. Naye ananyamaza, na sisi tunatoka nje tukitangaza kwamba ameridhia.

Najua mmezoea kwamba nikifika hapa nawaambia tusimame tuombe. Leo hapana. Kila mtu akae na lile analotaka kuliomba, ajiulize kimoyomoyo: Mungu akisema hapana, nitaacha? Kama huna jibu, usifumbe macho bado.