Mafahali Wanane kwa Pua ya Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akitoa neno barazani hukaa nalo mpaka kaburini, palikuwa na sultani aitwaye Darweshi, mwenye kutawala mji wa Majumba Saba na vitongoji vyake vyote. Hakuwa mtu mbaya, la, tusimsingizie. Ila alikuwa na kasoro mbili: alipenda mno kutazamwa, na neno lake likishatoka hakulirudisha, hata kama limemponza mwenyewe.

Na mwendo wa siku mbili kutoka mjini palikuwa na kitongoji kiitwacho Mwishowanjia. Huko hapakuwa na tabibu. Mgema akianguka kutoka juu ya mti, au mama akishikwa na uchungu usiokwisha, mtu alipuliza pembe ya nyati, na papo hapo watu tisa walitupa majembe, wakakimbilia machela, zile fito mbili za mianzi zilizosukwa kamba katikati. Walifunga mivunjiko kwa magango, yaani vipande vya mwanzi na vitambaa, kisha wakambeba mgonjwa vilima viwili mpaka kwa Bi Zawena, mkunga na mganga wa mitishamba. Hawakulipwa hata kikombe cha uji. Ukiwauliza kwa nini wanajisumbua hivyo, walikutazama kama umeuliza kwa nini watu wanakula.

Wa tisa wao alikuwa Mwinchande, fukara asiye na kuku wala kifaranga. Kazi yake ilikuwa kushika pembe ya nyuma ya machela, na kumchekesha mgonjwa njia nzima ili asahau maumivu. Watu walimwita mpumbavu, naye aliitika vizuri tu.

Basi ikawa mwaka huo Tabibu Shekuwe, mganga mkuu wa Sultani, alimwendea bwana wake akamwambia kwamba huko mashambani kila mtu anajifanya tabibu, na kwamba ni aibu kwa enzi. Sultani akapiga mbiu: "Asiye na hati yangu asimguse mgonjwa, wala aliye juu ya machela, wala aliyefungwa magango, asimfunge, asimfungue, asimbebe. Atakayevunja amri atakaa gerezani mwaka mzima. Mwenye kutaka hati aje mtihanini mwezi mwandamo, na ada ni fahali mmoja kwa kila kichwa." Wakunga peke yao waliachwa nje ya amri, kwa sababu Tabibu aliwaogopa.

Fahali mmoja kwa kila kichwa! Mwishowanjia nzima ilikuwa na fahali mmoja, tena mzee, wa watu wote. Miezi mitatu ikapita, wala katika nchi nzima hapakutokea mwenye hati hata mmoja.

Katika miezi hiyo Sufiani mgema alianguka, mguu ukavunjika. Wale tisa walikuja mbio na machela yao, wakasimama hatua kumi kutoka alipolala, wakalia. Mwinchande alimpigia porojo kutoka mbali tangu asubuhi hadi alasiri, Sufiani akicheka na kulia kwa pamoja, mpaka alipojiburuta mwenyewe nyumbani. Mguu ule uliunga kombo.

Siku hiyo Mwinchande alirudi kwake hana mzaha hata mmoja mdomoni. Mkewe, Mwanamkuu, alikuwa na mimba kubwa, na uzazi wake uliotangulia ulikuwa wa kufa na kupona. Ni ile machela iliyomuwahisha kwa Bi Zawena, mtoto akapotea lakini mama akapona.

"Mume wangu," akasema Mwanamkuu, "mwezi huu ukimalizika, mimi nitabebwa na nani?"

Mwinchande akatoka, akawakusanya wenzake wanane, akawaambia, "Nipeni fahali. Na ninyi nifuateni na machela."

"Tukupe wewe?" wakapiga kelele wote. Bi Kidawa, mjane mwenye mikono mipana aliyekuwa fundi kuliko wote katika kufunga magango, akashika kiuno. "Mwinchande! Fahali wa kitongoji kizima tumpe mtu aliyewahi kupoteza kofia iliyo kichwani mwake?"

"Niliipata, dada."

"Ulionyeshwa!"

Lakini hawakuwa na shauri jingine, basi wakampa. Siku ya mwezi mwandamo wakafika Majumba Saba, wale wanane wakangoja langoni na machela yao, Mwinchande akaingia barazani akimkokota fahali, na fahali akaingia akijinyea.

Akapiga magoti. "Bwana wangu, uishi dahari. Mimi ni Mwinchande wa Mwishowanjia. Tuko tisa tunaobeba wagonjwa bila ujira, na fahali tunaye huyu tu. Nakuomba, ama utusamehe amri, ama utusaidie ada ya hao wanane waliobaki."

"Neno langu likitoka halirudi," akasema Sultani. "Amri yangu haimruki mtu, hata mimi mwenyewe nimo ndani yake. Na hiyo ada, kwa nini niwalipie mimi? Wabeba machela wa porini watanifaa nini?"

"Huenda siku moja ukawahitaji, bwana."

Sultani akatazama baraza, akaona watu wote wanamtazama, moyo ukampanda. "Haya! Sikilizeni nyote. Nitawalipia hao wanane siku ile nitakapowahitaji mimi, nikiwa mzima wa afya, bila hata mkwaruzo, nimekaa juu ya kiti changu hiki, ndani ya jumba langu hili!"

Baraza likaangua kicheko. Mwinchande naye akacheka, tena akacheka kuliko wote, kisha akasema, "Naomba iandikwe." Ikaandikwa, ikapigwa muhuri, akapewa karatasi, na watu wakazidi kumcheka.

Ukaanza mtihani. Tabibu Shekuwe akaleta beseni la maji, akaweka juu yake bakuli la shaba lenye tundu dogo, likaelea. "Utamfunga mgonjwa magango, kisha utamfungua, kabla bakuli halijazama," akasema. "Ndani ya muda huo una ruhusa ya kumgusa. Likizama kabla hujamfungua, umeanguka, na ruhusa imekwisha."

Mgonjwa wa mtihani alikuwa mpishi wa jumba, kijibwana mnene aliyelazwa mkekani ajifanye amevunjika mguu. Mwinchande alipomshika kifundo cha mguu tu, mpishi akaanza kucheka kwa kutekenywa.

"Bwana wangu," akasema Mwinchande kwa huzuni, "huyu hajui kuugua. Kwetu mgonjwa akiugua, hata mbuzi hulia. Lakini labda hapa mjini hakuna ajuaye."

"Hakuna ajuaye?" Sultani akainuka kidogo kitini. "Mpishi, toka hapo! Nitawaonyesha mimi kuugua ni nini." Akajitupa kitini, akageuza macho, akapiga ukelele: "Yalaaa! Mguu wangu! Mama weee!"

Baraza likashangilia. Tabibu akaliweka bakuli majini upya, na Mwinchande akatoa magango yake, akafunga mguu wa kulia wa Sultani pamoja na mguu wa kiti, taratibu, fundo juu ya fundo.

"Ah, bwana unaugua vizuri! Lakini aangukaye huvunjika mguu mmoja tu?"

"Miwili!" akapaza sauti Sultani. "Uwiii!"

Wa pili ukafungwa. "Na mikono, bwana, ilisalimika?"

"Mikono imesagika! Yote!" Na ikafungwa, mmoja mkono huu wa kiti na mwingine mkono ule.

"Maskini! Sitaki hata kuuliza kiuno."

"Uliza!"

"Kiuno, bwana?"

"Kimekatika vipande vitatuuu!" Sultani alikuwa na machozi ya kweli sasa, kwa jinsi alivyojifurahisha. Wake zake walikuwa wakichungulia pazia kwa kicheko. Mwinchande akamzungushia vitambaa kifuani na kiunoni, akamkaza na mgongo wa kiti, akamfunga na shingo kwa gango la kila upande, mpaka Sultani Darweshi akawa amebaki macho, pua na mdomo tu. Akarudi hatua mbili, akakitazama kichwa kile kwa upande huu na upande ule. Akarudi, akaongeza kijifundo kimoja chini ya sikio.

Kobwe! Bakuli likazama.

"Umeanguka mtihani!" akasema Tabibu.

"Alhamdulillahi, nimeanguka!" akasema Mwinchande, akampa mkono.

"Vizuri sana, vizuri sana," akasema Sultani, bado anahema kwa furaha. "Sasa nifungue."

Mwinchande akaweka mikono nyuma. "Ruhusa imekwisha, bwana. Sina hati."

"Basi, Tabibu, nifungue wewe."

Tabibu akasogea. "Tabibu," akauliza Mwinchande kwa upole, "wewe ulifanya mtihani lini?"

Tabibu akasimama. Nani angemtahini Tabibu? Hati hakuwa nayo, na kwa miezi mitatu alikuwa akigusa wagonjwa wa mji mzima. Akarudi nyuma kidogo kidogo hadi akagonga nguzo.

"Askari!" akaita Sultani. Askari wakatazamana. Mwaka mzima gerezani, na bwana mwenyewe ndiye aliyesema haimruki mtu. Karani akatazama dari. Tajiri mmoja akasema yeye anaye fahali, atoe ada apate hati amfungue bwana. Akaambiwa ajaribu kwanza kumfunga mpishi, akajifunga kidole chake mwenyewe na kilemba cha mpishi, wakaachanishwa kwa shida.

Na hapo, wasikilizaji wangu, akaingia nzi.

Nzi wa kawaida tu, aliyemfuata fahali. Akazunguka baraza, akamwona Sultani, akatua juu ya pua. Sultani akapuliza. Nzi akahamia tundu la kushoto. Sultani akakunja uso, akatoa ulimi, akapepesa macho, akapiga chafya, nzi akaondoka na kurudi na mwenzake.

"Pua!" akalia Sultani, na safari hii hakuwa akiigiza. "Pua inaniwasha! Jamani, mtu mmoja anikune!"

Hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wameziba midomo kwa viganja, mabega yakiwatetemeka.

"Bwana anaweza kuifuta amri," akasema Mwinchande.

"Neno langu halirudi! Aaah! Yuko ndani! Ewe Mwinchande, katika nchi hii yote hakuna ajuaye kazi hii akafaulu?"

"Wapo, bwana. Wako langoni, wanane, na machela yao. Ni ada tu wanayokosa."

"Walipiwe! Mafahali wanane kutoka zizini kwangu, sasa hivi! Ninawahitaji! Waiteni, nina…"

Akakoma. Macho yake yakatembea, kwa kuwa ndiyo peke yake yaliyoweza kutembea. Yakatazama kiti chake. Yakatazama jumba lake. Yakamtazama Mwinchande, ambaye alikuwa ameinua ile karatasi yenye muhuri.

"Mzima wa afya," akasoma Mwinchande, "bila hata mkwaruzo, juu ya kiti chake, ndani ya jumba lake."

Kisha Sultani akaanza kucheka. Alicheka, na kwa kuwa hakuweza kushika mbavu wala kujipinda, kicheko kilikosa pa kutokea, kikakitikisa kiti kizima mpaka kikaanza kutembea chenyewe barazani, tiki, tiki, tiki, askari wakikikwepa wasije wakamgusa bwana wao wakafungwa.

Bi Kidawa akaingia. Akamfunga Tabibu Shekuwe miguu na mikono, akamfungua, bakuli halijafika hata nusu. Akapewa hati, akaibusu, akaitia kifuani, akaenda moja kwa moja kwa Sultani, na kabla ya kufungua fundo lolote, akamkuna pua.

"Mama," akasema Sultani amefumba macho, "wewe peke yako ulistahili mafahali wanane."

Jioni wote wanane walikuwa na hati. Sultani akaamuru kwamba tangu siku ile kila mwezi mwandamo zizi lake litoe ada ya kila mtu wa kitongoji cha mbali abebaye wagonjwa bila ujira, na Tabibu awe wa kwanza kutahiniwa mwezi ujao, kwa fahali wake mwenyewe. Akamrudishia Mwinchande yule fahali mzee. "Lakini wewe umeanguka," akamwambia, "na neno langu unalijua. Rudi mwezi ujao. Nitakulipia, ila mgonjwa atakuwa mtu mwingine!"

Wakarudi wakiimba. Na siku ya tano tangu warudi, pembe ya nyati ikalia mlangoni kwa Mwinchande.

Wanane wakamweka Mwanamkuu juu ya machela, wakapanda kilima mbio. Mwinchande akakimbia pembeni, mikono nyuma, akipiga porojo mfululizo.

"Nishike mkono, wewe!" akalia Mwanamkuu.

"Sina hati, mke wangu."

"Nitakuua!"

"Ngoja mwezi ujao, nikiwa na hati."

Mwanamkuu akacheka, akalia, akamtukana yeye na ukoo wake wote mpaka babu, na hivyo vilima viwili vikaisha, wakafika kwa Bi Zawena kabla maji hayajazidi unga. Mlango ukafungwa. Mwinchande akakaa nje chini, na hapo porojo zote zikamwisha.

Kisha kikasikika kilio, kidogo, kikali. Bi Zawena akatoka amebeba mtoto wa kike. "Mama yake mzima," akasema. "Anakuuliza kama bado una wazimu."

Mwinchande akasimama, mikono bado nyuma. "Bi Zawena, huyu ni mgonjwa?"

"Mgonjwa gani apigaye kelele hivi?"

"Yuko juu ya machela?"

"Si yuko mikononi mwangu?"

"Amefungwa magango?"

"Mwinchande!"

"Basi nipe," akasema Mwinchande, akaleta mikono yake mbele.