Mwenye Sauti Ile

Nianze kwa kuomba radhi, maana hadithi hii nitaisimulia vibaya. Si makusudi. Mimi nilisomea vichekesho vya jukwaani: nilifundishwa kuanguka bila kuumia na kulia kwa jicho moja. Kusimulia jambo kwa haki, kila mtu apate fungu lake bila upendeleo, somo hilo sikuliona kwenye ratiba. Nikipotea njia nipigieni makofi. Nimezoea kurudi nikisikia makofi. Mko tayari? Hata kama hamko tayari naanza, kwa sababu jambo hili limenikaa kooni na lazima nimtemee mtu.

Palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima chenye upepo, na chuoni hapo palikuwa na wanafunzi watatu wa kitivo cha sayansi na teknolojia.

Wa kwanza, Nyamizi, alisomea kemia. Alikuwa na koo. Najua, nanyi mna makoo, lakini ya kwenu ni ya kupitishia ugali. Nyamizi akifungua lake, hata mpakuaji wa kantini alisahau kupunguza nyama kwenye sahani yako.

Wa pili, Sikudhani, alisomea kompyuta. Yeye akiimba, mbwa wa mlinzi walijibu, kwa hiyo wenzake walimwomba asiimbe. Kipaji chake kilikuwa maneno. Unamwambia, "Habari za asubuhi," anakurudishia ubeti, na ubeti wenyewe unakusema wewe.

Wa tatu, Lugano, alisomea elektroniki. Hakuimba, hakutunga. Lakini redio iliyokufa ukiiweka mbele yake, aliinamia, akaibembeleza, na kabla chai haijapoa redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Tena hakutosheka ikisema tu. "Spika hii inaongea," angekwambia, "ila haina huzuni." Na angeifungua upya aitafutie huzuni.

Watatu hawa walikuwa na kikundi cha nyimbo na maigizo, na kikundi kilikuwa na adui mmoja: ratiba. Aliyeipanga simjui, ila nadhani aliwahi kuachwa na mwanamuziki. Siku ya mazoezi ndiyo hiyo hiyo siku ya maabara, saa ile ile. Wakienda maabara, ukumbini wanaitwa wasaliti. Wakienda ukumbini, maabara wanaitwa watoro. Mwanafunzi mzima anakatwa katikati kama mkate wa chai, na kila upande unalalamika kwamba umepewa kipande kidogo.

Wakaanza kunyemelewa na sapu, yaani ile mitihani ya marudio ya waliofeli. Na ukizikusanya sapu, unadisko. Kwa wasiojua, kudisko ni kufukuzwa chuo kwa kufeli. Ndiyo dansi pekee duniani isiyohitaji muziki, na unaicheza ukiwa umebeba godoro kichwani.

Mkuu wa Kitivo, Dokta Kihwele, akawaita ofisini.

"Wanangu," akasema, "sitaki mtu adisko kwa ajili ya disko. Siku ya maonyesho ya kitivo mtaimba kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo kikundi kinafungwa. Jukwaa kwaheri, vitabu karibu."

"Dokta, lakini sisi..." Nyamizi akaanza.

"Hiyo lakini yako ipeleke kantini, wataipakulia mchuzi."

Wakatoka wamenuna. Lugano akapiga teke ukuta, ukuta haukusikia, kidole kikasikia. Lakini kama ni mara ya mwisho, wakasema, basi Dokta aondoke pale ukumbini akiwa ameukumbuka wimbo mpaka bafuni.

Sikudhani akatunga wimbo. Mke anaimba akimlalamikia mumewe mwenye wivu, na mume huyo ni koti jeupe la maabara:

*Koti langu lenye wivu, mbona wanipeleleza?*
*Nimekupa asubuhi, mchana umeumeza,*
*Niachie robo saa, nikaimbe na kucheza.*

Wiki ile alitakiwa kuandika programu ya kompyuta ya muhula. Alikaa mbele ya mashine, akaweka vidole, na vilichoandika vidole ni vina. Programu ikapelekwa haijaisha. Mwalimu akaifungua, nayo ikajifunga yenyewe kwa aibu. Sikudhani akapata sapu.

Nyamizi akaubeba wimbo. Aliuimba njiani, aliuimba akifua, mwisho akauimba maabara akiwa anapima asidi. Asidi hupimwa tone kwa tone, na jicho halibanduki. Yeye alikuwa akitafuta namna ya kulisema lile neno "umeumeza" ili mtu asikie kweli kitu kinamezwa. Aliipata. Akafumbua macho: chupa inafurika, meza inatoa moshi, na koti lake jeupe lina tundu pembeni, kana kwamba limesikia linavyosemwa. Mwalimu wa maabara akamtoa nje. Nyamizi naye akapata sapu.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, na Dokta Kihwele amekaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, ili atoroke mapema. Nyamizi anapanda jukwaani, anafungua kinywa, na spika za ukumbi zinasema "krrr" kisha zinakata roho. Waliokaa mbele wanasikia. Waliokaa nyuma wanaona binti anafumba na kufumbua mdomo kama samaki wa kwenye kioo. Dokta anatazama saa. Anainuka nusu.

Nyuma ya pazia Lugano alikuwa na kikuza sauti kimoja, alichokiunda kwa mikono yake. Huo ulikuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, uliotakiwa kukaguliwa siku inayofuata. Akakitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto wa kwenda bweni. Akakichomoa kwenye sanduku, akaunga waya kwa meno, akakifungulia nguvu zote ambazo hakikuundwa kuzibeba.

Na sauti ikatoka! Ikafika nyuma ina huzuni, ina kicheko, ina kila kitu. Kwenye "umeumeza" ukumbi mzima ukameza mate. Dokta, aliyekuwa ameinuka nusu, akabaki hapo hapo nusu mpaka wimbo ukaisha, akicheka huku akivua miwani ajifute machozi. Noti ya mwisho ilipokatika, kutoka nyuma ya pazia ukatoka moshi mwembamba. Mradi wa Lugano ulikuwa umekwisha, na wimbo umekwisha. Kesho yake wakaguzi wakaletewa kopo la majivu. Sapu.

Lakini siku ile ile, pale ukumbini, Dokta Kihwele akatembea hadi mbele, akapaza sauti.

"Sikilizeni. Kikundi kinafungwa, nimesema na sirudi nyuma. Ila mwenye sauti ile iliyonishika kule mlangoni, huyo sitamnyang'anya jukwaa. Hapa njiani nimenong'ona na mwalimu wa somo la sanaa za jukwaa. Anasema darasa limejaa, limebakiza kiti kimoja tu. Mwenye sauti akikalie. Alisome kwa saa zake rasmi, ratiba yake ipangwe upya, na alama zihesabiwe kwenye shahada yake. Jumatatu niletewe jina."

Makofi! Vigelegele! Hadi walipofika nje.

"Asanteni sana jamani," Nyamizi akasema akifuta machozi. "Nitawawakilisha vizuri."

"Utatuwakilisha wapi?" Lugano akauliza.

"Darasani. Si kasema mwenye sauti?"

"Dada Nyamizi, sauti yako ilifika safu ya tatu, ikakaa ikapumzika. Iliyofika mlangoni ni yangu. Kile kitu chenyewe kinaitwa kikuza *sauti*. Nimekichoma kwa ajili yako, na sasa unaniaga?"

"Kikuza. Kinakuza kilichopo. Ungepanda wewe jukwaani, kingekuza kikohozi."

"Samahanini waheshimiwa," Sikudhani akaingilia. "Dokta alilia kwa sababu ya koo, au waya, au kwa sababu mtu alimwambia *mchana umeumeza*? Sauti ni kauli. Mtu asiye na la kusema, tunasema hana sauti. Nyamizi bila mimi ungesimama pale useme nini? La la la?"

"Ningesema la la la na watu wangelia!"

"Wangelia kweli. Na wangedai warudishwe bwenini."

Wakarudi kwa Dokta awafafanulie. "Nimesema mwenye sauti," akajibu. "Kiswahili si lugha yenu? Mniache, nina kikao."

Sasa hapa ndipo niliposhikwa na hasira hasa, kwa sababu kwa dakika chache watoto hawa walikuwa watu wema. Sikudhani akasema, "Basi, achukue Nyamizi." Nyamizi akasema, "Hapana, Lugano ndiye aliyeunguza mradi." Lugano akasema, "Hapana, bila maneno sote tungekuwa tumelala." Wakatazamana, nusura wakumbatiane. Nyamizi akavuta pumzi, akasema, "Haya, kama mnasisitiza, nachukua."

Ugomvi ukaanza upya, mkubwa kuliko wa kwanza.

Mpaka sasa ninaposimulia, hawasemeshani. Wawili kati yao wataaga jukwaa Jumatatu. Mmoja ataimba kwa saa rasmi, alama zikihesabiwa, bila mtu kumwita mtoro. Na wote watatu wana sapu moja moja, zimelingana kama zimepimwa kwa mizani.

Aliyetunga aliacha programu yake, na bila yeye pasingekuwa na neno la kuimba. Aliyeimba aliunguza meza ya watu, na bila yeye maneno yangebaki karatasini. Aliyeunga waya aliunguza mwaka mzima wa kazi yake, na bila yeye Dokta angekuwa ameshafika nyumbani, anakula.

Nyinyi mliokaa mbele, na wewe uliyejificha nyuma karibu na mlango: mwenye sauti ni nani? Je, wewe ungeamua vipi?

Msikurupuke. Jadilianeni, gombaneni kidogo, mnitajie jina moja kabla ya Jumatatu. Ila naona yule mama pale ameinua mkono. Anataka kuuliza kwa nini mwalimu wa somo hilo aseme kimebaki kiti kimoja, wakati watoto ni watatu. Swali zuri, mama. Nimeingia mwenyewe darasani nikahesabu. Viti vitupu vipo vitatu. Kimoja ndicho hicho wanachokigombania. Cha pili naweka mkoba wangu nikifundisha. Na cha tatu, jamani, mnataka niweke wapi miguu?