Bangili ya Bi Kidawa

Zamani huko Siyu, tajiri Mbaruku aliitamani bangili ya fedha ya mjane Bi Kidawa, urithi pekee aliobakiwa nao. Akamshtaki kwa wazee, akidai iliibwa kwao.

Bi Kidawa akaweka bangili mkekani. "Bwana, kama ni yenu, tupe kisa chake."

Mbaruku akaigeuzageuza, akaona kovu dogo. "Hapa nyanya yangu aliuma kwa uchungu siku alipomzaa baba," akasema huku akilia. "Wallahi!"

Wazee wakasikitika. Bi Kidawa akamgeukia sonara aliyeketi pembeni. "Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini hiyo nimeifua juzi. Hapo nyundo iliniteleza."

"Basi mwacheni aichukue," akasema Bi Kidawa. "Ameililia sana. Ya nyanya yangu nimeivaa."