Gogo la Mto Kathangari

Hadithi hii nimeletewa na watu watatu kwa siku moja, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza. Sasa ni zamu yako. Isome mpaka mwisho kabla hujampelekea mwenzako, maana utamu wake uko mkiani.

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya kulikuwa na mto mdogo ulioitwa Kathangari, wenye maji baridi ya kugonganisha meno. Humo waliishi trauti, samaki wa madoadoa wenye mstari wa waridi ubavuni. Trauti ana madaha. Hataki maji ya vuguvugu, hataki tope, na wavuvi wa pale walimrushia nzi wa bandia tu: kindoano kilichofungwa nyuzi na manyoya ya jogoo mpaka samaki mwenyewe aape kwamba ni mdudu.

Aliyewafunga nzi hao vizuri kuliko wote alikuwa Kendi binti M'Ikiara. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu babake, na wageni walitoka mbali wakiulizia kibanda chake. Alijua thamani yake, wala hakuona haya kuisema.

"Nzi wangu nikimwacha dirishani," alizoea kutamba, "buibui humnyemelea."

Mwaka huo masika yalipiga mlimani siku nne bila kupumzika. Siku ya tano mto ulishuka kwa kishindo. Uling'oa daraja la miguu. Ukakifukia kwa mawe na kokoto Kilindi cha Jiwe Jeupe, mahali ambapo waongozaji wa wavuvi waliwasimamisha wageni miaka nenda miaka rudi. Ulipomaliza, ukaacha gogo zima la mwerezi limelala katikati ya mkondo.

Maji yalipopungua, waongozaji walirudi na fimbo zao za kuvulia. Walisimama palepale walipozoea kusimama, wakarusha nzi walewale waliozoea kuwarusha, na mishipi ikarudi mitupu. Ilikuwa hivyo wiki mbili nzima. Wageni wakaanza kufungasha mizigo.

Ndipo Mzee Ntongai, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, alipoitisha mkutano. Hakuwa mtu mbaya, ila haraka zake zilimtangulia. Tena alikuwa na hadithi moja asiyochoka kuisimulia, ya trauti aliyempatia ushindi katika mashindano ya mwaka uliopita. Desturi ya chama ilikuwa kwamba samaki wa mashindano anarudishwa mtoni akiwa hai, na mshindi humwachia alama yake kwenye ncha ya mkia. Alama ya Ntongai ilikuwa mapengo mawili madogo. Samaki huyo, kwa maneno yake, alikuwa na urefu wa mkono wake mzima, na kila alipoisimulia mkono nao ulirefuka.

"Samaki wamekwisha," alisema mkutanoni. "Hata yule wangu amesombwa, Mungu amrehemu. Jumamosi tingatinga linakuja. Litazoa mawe, litavuta lile gogo, litanyoosha mto uwe safi. Halafu tutaleta samaki wa kufugwa tuwamimine humo."

Kendi akasimama. "Mwenyekiti, nani amekwambia mto ni mchafu?"

"Macho yangu."

"Basi nipe mpaka Jumamosi saa sita mchana. Nikitoa trauti mmoja wa mto huu, tingatinga lirudi lilikotoka."

"Na usipotoa?"

Kendi alijua anachotaka kusema, na kilimuuma kabla hakijatoka. "Nisipotoa, nitafunga kibanda. Sitafunga nzi mwingine maisha yangu."

Hakuna aliyecheka. Wote walijua kwamba kumwondolea Kendi nzi wake ni kumwondolea jina lake.

Kwa siku tatu hakugusa fimbo. Alivua viatu, akapandisha sketi mpaka magotini, akawa anaingia mtoni na kugeuza jiwe moja baada ya jingine. Jirani mmoja akasimama ukingoni.

"Kendi, umepoteza nini humo?"

"Natafuta chakula."

"Cha nani?"

"Cha aliye na njaa."

Jirani akaenda zake, na jioni hiyo kijiji kizima kikajua kwamba Kendi amechanganyikiwa.

Lakini alichokiona kilimfanya atabasamu peke yake kule majini. Kwa miaka mingi tope lilikuwa limeganda katikati ya kokoto. Sasa mafuriko yalikuwa yameziosha mpaka zikang'aa, na babake alimfundisha tangu utotoni kwamba trauti hutaga kwenye kokoto safi, kwa kuwa tope huyanyima mayai pumzi. Wadudu wekundu wa kuelea, ambao wavuvi waliwaiga siku zote, hawakuwepo tena. Waliobaki walikuwa vidudu vyeusi vilivyong'ang'ania chini ya mawe. Na pale kwenye gogo, maji makali yaligonga mti yakapungua kasi, pakawa na kivuli na utulivu.

Ijumaa alifunga nzi mmoja tu. Alimfunga kwa manyoya ya kuku wake mweusi, nzi akatoka mdogo, mnene, kama kidudu cha chini ya jiwe, hana rangi ya kuvutia wala urembo. Kendi alimgeuzageuza kiganjani akamwonea haya. Hakuwahi kufunga kitu kibaya namna ile.

Jumamosi watu walijaa ukingoni. Tingatinga lilikuwa limeshafika, dereva amekaa juu yake akila ndizi. Mzee Ntongai alisimama na saa yake mkononi.

Kendi alikipita Kilindi cha Jiwe Jeupe bila hata kukitazama, akaenda kusimama mbele ya gogo. Alirusha. Hakuna kitu. Akarusha tena, na tena. Saa tano ikapita. Mikono ilimwuma, na moyoni hofu ilianza kumwambia kwamba kibanda cha babake atakifunga yeye.

"Dakika kumi," Ntongai akasema. Hakusema kwa furaha.

Kendi akaacha mshipi uzame zaidi, mkondo ukamwingiza nzi mweusi chini kabisa ya gogo. Mshipi ukasimama. Kisha ukakimbia.

Alipigana naye, mara akivuta, mara akiachia. Hatimaye wavu ukainuka, na ndani yake trauti mnene akapiga mkia. Watu wakalipuka kwa shangwe.

Ntongai akainua mkono. "Mmoja tu huyo. Pengine ameteremka jana kutoka juu mlimani. Ni mgeni."

Kendi alilowesha mikono yake, akamshika samaki kwa upole, akamtazama kuanzia kichwa hadi mkia.

"Mwenyekiti," akaita, "njoo umsalimie huyu mgeni."

Mzee akaingia mtoni na viatu vyake vya mkutano. Akainama. Kwenye ncha ya mkia palikuwa na mapengo mawili madogo.

"Ni wangu," akasema taratibu.

"Ni wako. Ulipokuwa unamwombea rehema, alikuwa chini ya gogo hili anangoja maji yatulie."

Ntongai aliomba amrudishe kwa mkono wake mwenyewe. Samaki alipoteleza kurudi kivulini, mzee akachungulia chini ya mti ule, na mule ndani akaona migongo mingine ya madoadoa ikisogea kumpisha. Watu waliona pia kwamba trauti yule hakuuzidi mkono wa mzee kutoka vidoleni hadi kiwiko, lakini kwa heshima ya siku ile hakuna aliyelisema.

Dereva akauliza, "Mzee, nianze na gogo?"

"Ukiligusa gogo hili, utanivuta mimi kwanza."

Msimu uliofuata kokoto za Kathangari zilijaa vitrauti vya urefu wa kidole, vingi kuliko vilivyowahi kuonekana tangu chama kianzishwe, na wageni wakarudi. Ukifika huko leo utamkuta Kendi kibandani, kichwa juu, akifunga nzi mweusi asiye na urembo ambaye kila mvuvi anamtaka. Amempa jina la Ntongai. Mwenyekiti huwaambia wageni kwamba hiyo ni heshima kubwa, na Kendi hajawahi kumsahihisha.

Funzo: Dhoruba ikipita, usiwe na haraka ya kuondoa ilichokiacha, chungulia kwanza chini yake, huenda unachokililia kimejificha hapo.