Kilima cha Dakika ya Nne

Kutoka mlango mmoja si kuzaliwa tumbo moja. Jana mmeyasikia maneno haya kwa mama muuza maandazi, mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Yametoka maabara, wajukuu zangu, pale wanapopima dawa. Na chanzo chake ni kosa la mtu aliyekuwa hodari sana wa kazi yake.

Huyo aliitwa Sikudhani Mloka. Alikuwa na mashine yenye bomba fupi la chuma lililoshindiliwa unga mweupe mgumu. Unatia tone la dawa upande mmoja, mashine inalisukuma kwa maji yaliyochanganywa na spiriti, nalo linapenya ndani ya unga mpaka upande wa pili. Tone moja lina vitu vingi, na kila kitu kina mwendo wake. Kinachoupenda ule unga ni kama mtu mwenye jamaa kila nyumba: husimama kusalimia mlango huu, akasalimia na ule, akafika amechelewa. Kisichoupenda hupita moja kwa moja. Kila kitu kinapotoka, mashine huchora kilima kwenye karatasi, na Sikudhani akitazama dakika kilipotoka, hujua ni nani huyo.

Kulikuwa na waganga waliosaga vidonge vya hospitali vya maumivu na kuvichanganya kwenye mitishamba ili wagonjwa waisifu dawa yao. Sikudhani akatengeneza njia yake mwenyewe ya kuwakamata. Njia ya zamani ilichukua karibu nusu saa. Yake, dakika tano. Alizidisha spiriti tu, vitu vyote vikatoka mbio. Akaijaribu mwezi mzima. Aliyeyusha kidonge kwenye maji safi, akapima kizima, nusu na robo, mara sita leo, mara sita kesho, na kila mara kilima kikasimama dakika ya nne bila kuyumba. Mkuu wake, Bwana Shirima, akamsifu mbele ya wenzake. Waganga wawili walikuwa wamekwisha kunyang'anywa vibali kwa sahihi yake.

Wa tatu alikuwa Bi Mwanahija Kobelo, mwanamke wa milimani aliyetibu viungo na migongo kwa mzizi mmoja tu, uitwao mnyamaza. Dawa yake ilipopimwa, kilima kikasimama dakika ya nne. Akaitwa ofisini aelezwe kabla barua haijaandikwa, kwa maana barua ile ikitoka, hatatibu tena mtu, na huenda akapelekwa mahakamani.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkoba wake magotini. Kisha akamgeukia Sikudhani, si Bwana Shirima.

"Mwanangu, mzizi wangu umeupima?"

"Nimepima dawa yako, bibi."

"Dawa nimeipika mimi, na mnasema mimi ni mwongo. Nauliza mzizi, ambao mkono wangu haujaugusa."

Sikudhani akalifungua daftari lake la vipimo. Alipima vidonge na maji safi mwezi mzima. Mzizi hata mmoja hakuupitisha. Bwana Shirima akasema kwamba mzizi haumezi vidonge huko ardhini. Bi Mwanahija akamwambia kwamba hilo hata yeye analijua bila mashine.

Kesho yake Sikudhani akapanda mlimani achimbe mwenyewe. Bi Mwanahija akampa masharti: anayechimba mnyamaza na anayemsindikiza hawasemi na mtu yeyote mpaka mzizi uingie majini, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Sikudhani alitaka kucheka, lakini alikuwa amekuja kwa kosa lake, akakubali. Akachimba, akatia mizizi kwenye mfuko wake, akaufunga. Wakapita nyumbani kwa bibi kuacha jembe. Walipotoka pamoja, jirani mmoja mzee aliyekuwa akimenya mihogo barazani akawasalimu. Hakujibiwa. Akasalimu tena, kimya. Basi akamwambia mkewe kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe Mwanahija ana binti mjini na hakuwaambia; watazame, mlango mmoja, mwendo mmoja, na kiburi kimoja. Sikudhani akaukumbatia mfuko wake, akaendelea na njia. Bi Mwanahija alikuwa akitembea mbele, mabega yakimtikisika kwa kicheko asichoweza kukitoa.

Walipofika maabara, mizizi ikaoshwa na kuchemshwa, na midomo ikafunguliwa.

"Leo umepata mama," bibi akasema.

Tone likatiwa kwenye mashine. Dakika ya nne, kilima kikasimama.

Bwana Shirima akaivuta karatasi, akahesabu dakika kwa kidole. Hakuna mkono uliougusa mzizi ule isipokuwa wa Sikudhani. Naye Sikudhani alikaa kwenye kiti, akimfikiria yule mzee wa mihogo. Mzee hakuwa na macho mabaya. Aliona watu wawili wakitoka mlango mmoja kwa wakati mmoja, akawaita ndugu, kwa sababu hapakuwa na la kuwatenganisha. Na yeye Sikudhani je, siku zote hizi alitazama nini kama si mlango?

Akapunguza spiriti, akazidisha maji, vitu vipite polepole, kila kimoja kisalimie kadiri ya jamaa zake. Akachukua maji ya ule mzizi, akayatia kidonge kidogo makusudi. Wakasubiri. Dakika ya nne ikapita tupu. Dakika ya kumi na moja kilima kikasimama, kikalala. Ya kumi na nne kikasimama kingine. Kilima kimoja kilikuwa watu wawili. Akapitisha maji ya mzizi peke yake: kilima cha kumi na moja tu. Akapitisha kidonge peke yake: cha kumi na nne. Mwisho akapitisha dawa ya Bi Mwanahija, ile iliyomshitaki. Kumi na moja ikasimama. Kumi na nne karatasi ilikuwa tambarare kama sakafu.

Bwana Shirima akashusha pumzi, akasema vizuri, bibi aandikiwe kwamba yuko salama, na mambo yaishe.

"Wale wawili je?" Sikudhani akauliza.

"Yale yamekwisha, dada. Ukiyafufua, ni jina lako litakaloharibika."

"Hata chini ya barua zao niliandika jina langu."

Chupa za wale wawili zilikuwa bado kwenye friji. Akazipitisha kwa njia ya polepole. Ya kwanza ikasimama dakika ya kumi na nne: yule alikuwa amechanganya vidonge kweli, wala hakuonewa. Ya pili, ya Mzee Mkude, haikuwa na kitu pale. Naye alitumia mnyamaza.

Akaandika barua, akakiri kosa, akaweka sahihi. Lakini barua haina uso, kwa hiyo akamwendea Mzee Mkude mwenyewe, na Bi Mwanahija akamsindikiza. Walimkuta amekaa mkekani. Vyungu vyake vya dawa vilikuwa vimefunikwa, vumbi juu. Wagonjwa walikwisha kuhama, na watoto wa jirani walimwita Babu Kidonge. Sikudhani akapiga magoti, akaanza kumweleza bomba, unga, spiriti, dakika ya nne, dakika ya kumi na moja. Mzee akainua mkono kumzuia.

"Binti, sikuelewi," akasema. "Nimekaa miezi saba naitwa mwongo. Niambie kosa langu lilikuwa nini, kwa maneno ambayo na mimi nitaweza kuwaambia watu."

Sikudhani akaanza tena na bomba na unga, akaacha. Ndipo Bi Mwanahija akasema kwa upole, kama mtu anayetaja jina la mtoto:

"Hukuwa na kosa, kaka yangu. Mzizi wako na kidonge vilitoka mlango mmoja kwenye mashine yao, wakaviona kitu kimoja. Kutoka mlango mmoja si kuzaliwa tumbo moja."

Mzee Mkude akayarudia polepole, midomo tu ikicheza. Akayarudia tena kwa sauti. Kisha akajisogeza pembeni ya mkeka, akampisha Sikudhani akae.