Safu Kumi na Mbili

"Minazi ya marehemu haizuii maji." Ndivyo alivyosema sheha jana mkutanoni, alipoinuka mtu na kuapa kwamba kwao maji hayajawahi kufika tangu enzi za babu yake. Mlicheka, wajukuu zangu, mkidhani ni mzaha. Leo mmekuja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Haya, kila mmoja ashike kuti anisaidie kusuka, maana hadithi hii siiwezi mikono ikiwa mitupu. Methali hii ilizaliwa Mtondooni, na ilianza hivi.

Mtondooni ni kijiji cha chini, ardhi yake sawa kama kiganja. Huko aliishi Faki Shehe, mtu mpole asiyejua kumkatalia mtu. Baba yake, Mzee Shehe, alikuwa na safu kumi na mbili za minazi, kuanzia uani kwake hadi mchangani. Safu nne za pwani, zilizozaa kuliko zote, alimpa binti yake Mize, na kila mnazi wake akautia mikato mitatu ya panga ili ujulikane. Siku alipokuwa akikata roho alimshika Faki mkono.

"Mize ni mdogo wako. Chake kisipungue ukiwa hai."

Faki akaitikia. Bahari haikuulizwa.

Ilianza na safu ya mchangani. Ilichimba mizizi taratibu, mnazi ukainama, ukalala, ukaondoka na maji. Katika miaka ishirini safu zote nne za Mize zilikwisha, bahari ikaingia za Faki, ikala tatu. Zikabaki tano.

Mize hakuliona hilo. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi na kaka yake, na macho yalikuwa yamemzimikia zamani. Kila siku ya kuangua nazi Faki alimpelekea fungu lake uani na kumwambia, "Hizi za safu zako." Zilikuwa nazi zake mwenyewe. Halafu siku moja Mize akataka kwenda kuigusa minazi yake. Faki alisingizia mafua wiki nzima. Kumbe alikuwa amekwenda na panga kuchonga mikato mitatu kwenye mnazi wa safu ya mwisho iliyobaki upande wa pwani, anangoja ikauke. Ilipokauka, akamwongoza dada yake mpaka pale.

Mize akaipapasa mikato, akacheka kwa furaha. Kisha akasema, "Lakini kaka, mbona tumefika upesi?"

"Miguu yako imeizoea njia."

"Na bahari mbona yanguruma karibu hivi?"

"Upepo huo, Mize."

Majirani walijua wote. Walimwona Faki mtu mwema, wakanyamaza. Nami nisiwadanganye, ningekuwapo ningenyamaza pia.

Ndipo alipokuja Salhina, msichana mpimaji kutoka mjini, na wenzake wawili. Walikuwa wakichora ramani ya pwani yote, wapate kujua maji yatawafikia watu gani. Pwani ya leo waliipima wenyewe kwa vifaa vyao. Ya jana hawakuwa nayo, kwani picha za zamani zilizopigwa angani zilikuwa mawingu matupu, ikabidi waulize wenyeji. Kila mtu alisemea shamba lake, maana shamba la mtu halisemewi na jirani. Palipoliwa sana walipapaka rangi nyekundu, na wenye nyumba za hapo wakaahidiwa viwanja Kilimani kabla ya masika.

Salhina alimweleza Faki hayo yote barazani. Mize alikuwa amekaa mkekani hapo hapo, anachambua mchele kwa vidole, anasikiliza.

"Sasa, mzee wangu," Salhina akasema, "marehemu baba yenu alipokuwa hai, minazi kutoka hapa hadi mchangani ilikuwa safu ngapi?"

Faki akamtazama dada yake. Vidole vya Mize vilikuwa vimesimama.

"Safu ni zile zile," akasema.

"Zile zile zilizoko sasa?"

"Zile zile, mwanangu. Hakijapungua kitu."

Mize akatabasamu, akarudi kwenye mchele wake. Yeye alisikia kumi na mbili. Salhina alikwenda shambani, akahesabu tano, akaandika kwamba upande ule bahari haijasogea.

Faki aliwasindikiza wapimaji hadi njiani, akikusudia kumwambia msichana yule ukweli pembeni.

"Afadhali nyinyi, mzee," Salhina akamwambia. "Wenzenu karibu wote tumewatia wekundu."

Faki akafungua kinywa. Akageuka, akamwona Mize barazani, uso ameuelekeza pwani, bado anatabasamu. Miaka ishirini ya uongo ingevunjika kwa neno moja, na yeye hakuwa na ujasiri wa kulitamka.

"Nendeni salama," akasema.

Ramani ikatoka. Wenye wekundu wakahamia Kilimani, na nyumba ya Faki ikabaki nyeupe. Alijiambia atasema baada ya kuangua nazi. Zikaanguliwa. Akajiambia atasema kabla ya masika, na masika yakaingia naye bado anatafuta maneno.

Bamvua kubwa la mwaka ule, maji yanapojaa kupita siku zote, lilikutana na mvua ya siku tatu. Asubuhi hiyo Faki alikuwa Kilimani, anamsaidia jirani kuezeka. Aliyekuwa chini ni jirani mwingine, Makame, aliyerudi kufungua mbuzi wake. Aliona maji yakipanda, akakimbilia kwa Faki, lakini mkondo ulikuwa umeshakata njia kati yake na nyumba. Akapiga kelele kutoka ng'ambo.

"Bi Mize! Toka nyuma, ukimbilie juu! Bahari imepanda!"

Mize alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti. "Naisikia, Makame. Iache ipande. Ina safu kumi na mbili za kupita kabla haijafika kwangu."

"Ziko tano, Bi Mize! Tano tu! Zako zilikwisha zamani!"

Mize akacheka. "Acha mzaha. Kaka yangu hajanidanganya hata siku moja."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Maji yalipotoka walimkuta jikoni, chini ya ukuta ulioanguka. Minazi iliyokuwa imesimama ilikuwa miwili.

Faki hakulia mpaka Makame alipomweleza maneno yale, kwani maneno ya mwisho ya maiti hayafichwi. Aliuliza jambo moja tu. "Alisema kumi na mbili?"

"Kumi na mbili."

Hapo akaanguka chini, akalia kilio ambacho watu wa Mtondooni hawapendi kukikumbuka. Hakuna aliyemwambia neno la kumfariji. Wangemwambia nini, nao walikuwa wakijua siku zote?

Baada ya arobaini Salhina alirudi kuisahihisha ramani. Alimkuta Faki amekaa juu ya kilichobaki cha baraza. Faki akamwanza mwenyewe.

"Andika kumi na mbili, mwanangu. Zilikuwa kumi na mbili. Nne za Mize."

Salhina akaandika, machozi yakidondoka kwenye karatasi. "Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Sikutaka cha Mize kipungue. Nikamwekea minazi ya marehemu baba, aegemee." Akaitazama bahari, ambayo sasa ilikuwa mbele ya miguu yake. "Minazi ya marehemu haizuii maji."

Faki alipewa kiwanja Kilimani. Hakujenga, na masika yaliyofuata hayakumkuta duniani. Ramani ile mpya ninyi mmeiona, iko ukutani ofisini kwa sheha. Kile kipande kidogo chekundu pembeni, kisicho na alama ya nyumba, ndicho cha kwao.

Basi yule mtu wa jana, aliyeapa kwa enzi za babu yake, ana mama mzee ndani na watoto watatu, na ramani imemtia wekundu. Mimi nilimwona alivyokunja uso, na sidhani kama atahama. Nendeni mkamwambie, msichoke kumwambia, wala msimwonee haya. Minazi ya marehemu haizuii maji.