Koti la Mshenga wa Maua

Sogeeni, sogeeni, msiache mapengo hapo katikati. Leo sitawakalisha sana, najua wali uko jikoni. Nitawapa mfano mmoja tu, wa bwana mmoja na farasi wake, halafu kila mtu avae viatu vyake aende zake. Mkifika mahali pa kucheka, chekeni. Lakini mjue kwamba nikimaliza kumsema bwana huyo nina maneno na nyinyi.

Alikuwepo bwana mmoja upande wa Kondoa, kule ambako alizeti ikichanua bonde zima linakuwa la njano. Farasi alimpata wapi, msiniulize. Tuseme alimrithi kwa mjomba wake. La maana ni kwamba alikuwa na farasi, wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe usoni, na jina lake Tarishi. Kijiji kizima farasi ni huyo mmoja. Kila asubuhi ya Idd bwana yule alivaa kanzu, akampanda Tarishi, wakakipandisha kilima kwa mbio hadi uwanja wa swala, watoto wanafukuzia nyuma. Wazee waliokaa safu ya kwanza walikuwa wakigeuza shingo kutazama. Mimi kama imamu nasema walikosea, lakini nawaelewa.

Sasa bwana yule riziki yake ilikuwa kwenye shamba la mbegu. Shamba la mbegu si kama lako la kupalilia ukavuna. Pale alizeti ikichanua, watu wanapita mstari kwa mstari na kitambaa mkononi. Unakisugua kwenye ua la mstari huu, unakwenda kukisugua kwenye ua la mstari ule, ili chavua, lile vumbi la njano, litoke kwa dume lifike kwa jike. Kwa lugha nyepesi, bwana yule alikuwa mshenga wa maua. Alikuwa na koti lake la kazi, zito, la kijivu, na ikifika saa kumi jioni ukijivu wake huuoni tena.

Akirudi nyumbani, kabla hajamsalimia mtu, moja kwa moja kwa Tarishi. Anamkumbatia shingo, anamlazia uso begani, anamhadithia habari za siku. Farasi anakohoa. Mara moja, mara mbili, na kichwa anatikisa. Bwana anacheka, na kama kuna mgeni anamwambia, "Umemwona? Huyu akiniona lazima anisalimie."

Basi mwaka mmoja salamu zikawa ndefu. Tarishi alianza kukohoa hadi miguu ikatetemeka. Pua zikatoa ute, na ukimtazama ubavuni unaona tumbo linahangaika kusukuma pumzi itoke. Ukimtembeza hatua mia anasimama, anakutazama. Bwana yule hata chakula alikuwa hali vizuri. Akaitwa daktari wa mifugo kutoka mjini, akaja, akaweka chombo chake ubavuni kwa farasi, akasikiliza muda mrefu.

"Mzee wangu," daktari akamwambia, "huyu kifua chake hakipatani na chavua. Akiivuta, njia ya pumzi inavimba. Alizeti imebakiza wiki tano ikauke. Akiendelea kuvuta anachokivuta sasa, msimu huu haumalizi."

"Nimpe nini, daktari?"

"Nakuachia dawa ya kumfungua kifua, ya siku chache. Lakini kwanza uondoe vumbi. Majani makavu yaloweshe kabla hajala. Banda lifagie yeye akiwa nje. Na umtoe huku kwenye upepo wa shamba, umfunge nyuma ya nyumba."

"Sawa, nimesikia. Na nimpe nini?"

Mmelisikia swali lake? Ameambiwa mambo ya kuondoa, yeye anauliza cha kuongeza. Msicheke sana, nitawarudia.

Tusimdhulumu lakini. Aliyafanya yote aliyoambiwa. Majani aliyalowesha, banda alilifagia, farasi alimhamishia kwenye banda jipya nyuma ya nyumba. Kikohozi kikapungua asubuhi, jioni kikarudi pale pale. Ndipo akaingia kwenye virutubisho, na akaingia mzima mzima. Mnadani akauziwa habasoda, zile mbegu nyeusi. Jirani akamwambia asali na kitunguu saumu, akamlisha asali na kitunguu saumu mpaka farasi mwenyewe akawa ananuka kama sufuria ya pilau. Mwingine akamwambia majani ya mkaratusi. Mwisho akafunga safari hadi mjini, kwenye duka la dawa za mifugo.

Muuzaji akampangia makopo mezani. Hili lina mafuta ya mbegu za kitani, husaidia kupoza uvimbe. Hili lina vitamini. Hili la miti shamba, watu wanalisifu, lakini yeye mwenyewe hajaliona likifanya kazi.

"Lililo kali kuliko yote ni lipi?" bwana akauliza.

"Baba, haya si pilipili. Inategemea mnyama anasumbuliwa na nini. Umeshamwondolea kinachomsumbua?"

"Nimeondoa kila kitu," akajibu, na aliamini hivyo.

Akachukua kopo la buluu, lile la mafuta ya kitani. Mnajua kwa nini? Lilikuwa na picha ya farasi anaruka. Mtu mzima, ana ndevu, ananunua dawa kwa picha.

Kabla hajalifungua, ikaja habari ya msiba. Shangazi yake amefariki Babati. Akavaa kanzu safi, koti la kazi akalitundika ndani ya banda la Tarishi, kwenye msumari wake wa kila siku. Mkewe alikuwa mtu wa usafi, akaliona, akalitoa akaliloweka kwenye beseni. Bwana alipokuwa anatoka akamwachia maagizo: asubuhi habasoda, mchana asali na kitunguu, jioni kijiko cha kopo la buluu. "Mama Mwajabu, usisahau hata kimoja. Roho ya huyu farasi iko mikononi mwako."

Akakaa Babati siku nne. Aliporudi alikwenda kwa Tarishi na kanzu yake ya safari, akamkuta amesimama anatafuna majani, pua kavu, tumbo limetulia. Akamkumbatia. Farasi kimya. Bwana yule akatoka nje amejaa furaha, akawaita majirani wawili. "Njooni mwone. Nilisema mimi. Kopo la buluu, siku nne tu, mtu kapona."

Mkewe alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Kopo liko kwenye kabati, Baba Mwajabu. Halijafunguliwa."

"Umempa nini basi?"

"Maji na majani. Nilikuwa na kazi zangu."

Majirani wakaaga. Hata mimi ningeaga. Bwana alikasirika siku ile, akasema mke hana huruma, bahati tu mnyama hakufa. Kesho yake akavaa koti lake, limefuliwa, akaenda kazini, na jioni akarudi nalo la njano. Akapita kwa Tarishi kama desturi yake, akamkumbatia. Farasi akakohoa mpaka akapiga goti moja chini. Bwana akaketi kwenye udongo pembeni yake, akalia, na katikati ya kulia akamgeukia mkewe. "Umeona? Umemkatisha dawa, sasa angalia."

 Yule mama alikuwa amesimama mlangoni pa banda anatazama, na jambo fulani likamjia. Akamwambia, "Inuka. Vua hilo koti unipe."

"La nini?"

"Nipe tu."

Akampa. Mama akamwambia nenda kanawe uso na mikono, uoge kabisa, ubadili nguo. Akaenda, anasonya. Mama akalipeleka koti mbali, kule kwenye kamba ya nguo, akanawa na yeye, akarudi kukaa na farasi. Baada ya muda Tarishi akasimama, pumzi ikaanza kushuka. Mume akaja ameoga, kavaa msuli na fulana. Mama akamwambia, "Mkumbatie." Akamkumbatia. Farasi hakukohoa. "Haya, rudi nyuma, simama pale kwenye mwembe wa jirani." Mume akarudi nyuma. Mama akaenda kwenye kamba, akalishika koti kwa vidole viwili, akaja nalo mpaka mlangoni pa banda. Hakuingia. Alisimama tu pale nalo.

Tarishi akalitazama koti, akarudi nyuma hatua tatu hadi ukutani, na akakohoa.

Mama akaliondoa upesi. Kisha akamwendea mumewe, akamwambia kwa sauti ya chini, maana hakutaka kumfedhehesha, "Baba Mwajabu, wewe ulikuwa umesimama huku. Koti ndilo limekuja. Huyu mnyama miaka yote hakohoi kukusalimia. Anakohoa kukukimbia."

Hapo nyamazeni kidogo, jamani. Mtu aliyempenda farasi kuliko watu wote duniani, aliyemnunulia, aliyemlilia, ndiye aliyekuwa akimletea ugonjwa kila jioni na kumfunika nao usoni. Halafu akawaita wageni waje kuona anavyosalimiwa.

 Bwana yule alichukua nyundo, akaung'oa msumari uliokuwa ndani ya banda, akaenda kuupigilia kwenye nguzo ya lango, kule nje kabisa. Tangu siku hiyo koti halikuvuka lango. Akirudi kutoka kazini analitundika pale, anaoga kwenye bafu la uani, ndipo anaingia. Tarishi hakupona kwa siku moja, kifua hakiponi hivyo. Daktari alipopita wiki ya pili akasikiliza, akasema, endeleeni. Akaliona na kopo la buluu, akalisoma. "Si baya hili. Mpeni sasa, kijiko kwenye majani yaliyoloweshwa. Sasa litamfaa." Wakalifungua.

Alizeti ikakauka. Ikaja Idd.

Asubuhi ile bwana alimpanda Tarishi akiwa na nia ya kutembea pole pole tu, na ikibidi ashuke amkokote. Wakafika chini ya kilima. Kutoka juu uwanjani zikasikika takbira, watu mamia kwa sauti moja. Farasi akasimamisha masikio. Bwana akavuta hatamu amzuie, na Tarishi akakataa kuzuiwa. Akaondoka. Jiwe hili, jiwe lile, kwato zinalia kwenye changarawe, watoto wanapiga kelele wameachwa mbali, na bwana yule ameinama shingoni kwa farasi anasikiliza, anangoja kile kikohozi. Nusu ya kilima, hamna. Robo tatu, hamna. Alisikia pumzi tu, ndefu, safi, inaingia na kutoka. Wakatokea juu, mbele ya uwanja mzima, na safu ya kwanza yote ya wazee ikageuza shingo. Kuna mmoja, Mungu amsamehe, alisimama kabisa. Bwana yule alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, na farasi chini yake anazunguka pale pale kama anayetaka kurudi chini akipande kilima mara ya pili.

Huo ndio mfano. Sasa nakuja kwenu.

Sisi tunashinda wapi mchana? Sokoni, ofisini, barabarani. Huko tunatukanwa, tunadharauliwa, mkubwa wa kazi anakufokea mbele ya watu na wewe unasema ndiyo bosi. Vumbi lile linatuganda. Jioni tunarudi nalo nyumbani, na kwa sababu tunawapenda watu wetu, tunakwenda kuwakumbatia nalo. Mtoto alikuwa anacheka na nduguye. Wewe ukikohoa tu nje, kicheko kimekatika. Ukiingia, wamekaa kila mmoja kona yake, wameinamisha macho. Na wewe unamwambia mgeni nini? "Wanangu wana adabu sana. Mimi nikiingia, kimya."

Una hakika ni adabu? Isije ikawa ni kile kikohozi cha Tarishi, nawe unakiita salamu.

Kisha mtoto akizorota tunanunua makopo. Tuisheni ya jioni, tuisheni ya Jumamosi, mwalimu wa Kiingereza. Mnaniletea na mimi: shehe, nisomee huyu mtoto, amekuwa mzito, hasemi. Namsomea, na nitaendelea kumsomea, dua ni haki yake. Lakini kuna siku namtazama mtoto, halafu namtazama baba aliyemleta, na naliona koti. Hata mimi nisijitoe. Mke wangu yuko upande wa pili wa pazia hilo anasikia, na anajua msumari wetu wa langoni aliupigilia nani.

Kopo si baya. Lifungueni, baada ya koti kutoka.

Tazameni mlangoni pale. Viatu vyenu vyote viko nje. Nani aliyewaambia leo mvivue? Hakuna. Mmefika, mmevivua wenyewe, kwa sababu mnaijua heshima ya mahali hapa na hamtaki kuingiza vumbi la njiani. Basi nyumbani kwako nako kuna mlango. Leo jioni, kabla hujausukuma, simama kidogo, vua ulichokuja nacho, ukiache nje. Kisha ingia. Ukimkuta mtoto anacheka, na akakuona, na akaendelea kucheka, jua Tarishi amefika juu ya kilima.